Mlango wa mizigo wa 5H-MMT

Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa chini kwa sababu viti havikutosha: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni fundi friji. Kibanda changu kiko Temeke, na baadhi yenu wazazi mnanijua kwa friji zenu kuliko kwa jina. Shule iliniomba nizungumze juu ya kazi za mikono, na nadhani wengi walitegemea nieleze namna ya kujaza gesi. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Leo nimekuja na sanduku hili la viatu, na ndani yake mna ndege. Nitaitoa baadaye kidogo, maana nikiitoa sasa macho yote yatakuwa huku.

Kwanza niulize. Ni nani hapa amewahi kutengeneza gari la waya au la makopo? Nyosheni mikono. Naona hadi walimu. Vizuri.

La kwanza kwangu lilikuwa basi. Bodi yake ilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, na magurudumu niliyakata kwenye ndala za kaka yangu, nikachapwa kwa ajili ya ndala hizo. Lakini ninachokikumbuka kuliko fimbo ni mchana mmoja niliokwenda stendi nikakaa juu ya jiwe tangu saa nane hadi jua likazama, nikitazama mlango wa nyuma wa basi tu: bawaba zake ngapi, zimekaa wapi, mpini uko upande gani, ngazi ya kupandia kwenye keria imeshikwa na nati ngapi. Nilikuwa nimeshapanda mabasi mara nyingi. Siku hiyo ndipo nilipoliona basi kwa mara ya kwanza.

Kazi ninayotaka kuwaeleza ni ndugu wa gari la waya. Ni kuunda modeli za plastiki. Modeli hizi huuzwa zikiwa vipande ndani ya boksi. Vipande vimeshikana kwenye fremu nyembamba za plastiki ileile, kama maembe mabichi kwenye vikonyo vyake, na kila kimoja kina namba. Kuna karatasi ya michoro inayoonyesha kipi kikae na kipi, na karatasi nyingine yenye stika za maji: herufi, bendera, mistari. Mara nyingi gundi haimo, rangi haimo. Mwenye mkono ni wewe. Unakata, unasugua, unaunganisha, unaziba nyufa, unapaka rangi, unabandika stika, na mwisho unapata kitu cha kweli kilichopunguzwa kwa kipimo kimoja kila upande, urefu, upana na kimo.

Kipimo hicho ndicho skeli, sawa na ile ya ramani mnayoisoma kwenye jiografia. Skeli iliyoenea zaidi kwa ndege ni 1/72, na haikuokotwa hewani. Inchi 72 ni futi 6, yaani kimo cha mtu mrefu, kwa hiyo kwenye skeli hiyo mtu wa futi 6 anakuwa inchi moja kamili. Waingereza wa kampuni ya FROG walitoa seti za ndege za plastiki kwa skeli hiyo tangu 1936. Ndege yangu hii ni ya 1/144, nusu ya hiyo. Abiria wake akisimama analingana na punje nene ya mahindi.

Skeli ya vifaru, ile ya 1/35, ina asili ambayo naipenda zaidi. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza kama biashara ya mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, kisha plastiki mwaka 1960. Ilipotengeneza kifaru chake cha kwanza cha Panther ilitaka kitembee chenyewe kwa mota, basi ukubwa wa bodi ukapangwa ili mota na betri zienee ndani. Walipopima baadaye wakakuta ni 1/35. Leo watengenezaji duniani kote wanafuata kipimo kilichotokana na betri. Na Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, iliingia kwenye modeli kwa trekta: mwaka 1949 ilitengeneza trekta dogo la plastiki la Ferguson ili wauzaji wa matrekta wawaonyeshe wateja. Miaka michache baadaye ikaja merikebu ya Golden Hind, halafu ndege ya vita ya Spitfire mwaka 1953, na watoto wa kule wakaanza kukusanya senti zao za kila wiki.

Historia hiyo inatosha. Sasa nifungue sanduku.

Hii ni Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Seti yake inatolewa na kampuni ya Roden ya Ukraine, na nilipoliona boksi lake kwa mara ya kwanza, picha tu kwenye simu, nilikaa nalitazama muda mrefu. Nilikuwa nimeshaunda ndege za Wajerumani, za Wamarekani, za Wajapani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu huko Kyiv anaweza kukaa akachonga ndege yetu, yenye mistari yetu ubavuni na herufi za usajili wetu. Ndege ya kweli ina urefu wa mita 52 na mabawa yake yana upana wa mita 44 na nusu. Hii hapa ina sentimita 36 kwa 31. Mnaweza kuipitisha kwa mkono, ila ishikeni tumboni, msiishike kwenye mkia.

Tazameni umbo lake. Injini 4, zote ziko nyuma, mbili kila upande, na mkia umesimama juu kama herufi T. Mtoto wangu aliponiuliza kwa nini injini haziko kwenye mabawa kama ndege nyingine, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeunganisha nusu ya ndege bila kujua kwa nini iko hivyo. Nikaona aibu, nikaanza kusoma.

Jibu liko kwetu. Ndege hii iliundwa na kampuni ya Vickers kwa ajili ya shirika la BOAC la Uingereza, kwa safari za Afrika na Asia. Viwanja vya ndege kama Embakasi, kile cha Nairobi, viko juu, Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua linawaka. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Bawa linapata nguvu yake kutoka hewani, na injini vilevile. Kwa hiyo ndege iliyojaa abiria na mafuta inahitaji kukimbia mbali sana kabla ya kuinuka, na njia yenyewe ina mwisho. Wahandisi wakaziondoa injini kwenye bawa, wakazipeleka mkiani, bawa lote likabaki huru kubeba vibao vya kuongeza nguvu ya kunyanyua, mbele na nyuma. Ikawa ndege inayoruka mapema na kutua polepole. VC10 ya kwanza iliruka Juni 1962, na hii ndefu, Super, Mei 1964. Zilitengenezwa 54 tu, za aina zote. Uzuri wa umbo hili mnaoushika mkononi umetokana na joto na mwinuko wa nchi zetu.

Shirika letu lilinunua 5, zikaja kati ya 1966 na 1970. Usajili wake uligawanywa kwa nchi zote tatu: 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Herufi zake ni 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Hii niliyoiunda mimi ni 5H-MMT.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe ya mezani, maana hapo ndipo raha ilipo.

Mwili wa ndege unakuja nusu mbili, kushoto na kulia, kama ganda la karanga. Gundi ya kazi hii ni majimaji yanayonuka, na wengi wanadhani inanata. Hainati. Inayeyusha. Plastiki hii ni polistirini, na gundi hiyo ni kiyeyusho chake. Unazishika nusu mbili pamoja, unagusa ufa kwa ncha ya brashi iliyolowa, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Unasubiri kama nusu dakika. Halafu unabana kwa vidole taratibu, na ufa wote unatokwa na uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka, unang'aa. Ukiuona uzi huo umeenea bila kukatika, umefaulu: nusu mbili zimekuwa kipande kimoja, kama chuma kilichochomelewa. Usiuguse. Acha siku mbili. Mwenye haraka akiupangusa hapohapo anaacha alama ya kidole chake ndani ya plastiki, na alama hiyo inabaki. Siku ya tatu unaukwangua kwa wembe, unasugua kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000, mpaka ukipitisha ukucha usihisi kitu.

Kabla ya kufunga mwili, ndege ya aina hii inahitaji uzito puani, kwa sababu injini ziko nyuma. Nilikwenda feri, soko la samaki, nikanunua chubwi za wavuvi, nikazigandisha ndani ya pua. Nikafunga. Nikasugua. Nikaweka magurudumu. Nilipoisimamisha, ikakaa kwa mkia, pua inatazama dari. Chubwi zilikuwa chache. Ilinilazimu nitoboe tundu kwenye chumba cha gurudumu la mbele, niingize vipande vya madini ya risasi kimoja kimoja kwa kibano, kila kimoja na tone la gundi, usiku mzima, mpaka pua ikashuka yenyewe. Nikipiga hesabu sasa, gramu kumi za nyongeza pale mwanzo zingeniokoa usiku ule. Kwa hiyo ninyi mtakaojaribu: pimeni kwanza kwa kuifunga kwa tepu, isimamisheni kwenye penseli mahali pa magurudumu makubwa, ndipo mgundishe.

Rangi nayo ina mambo yake hapa pwani. Michoro ya ndani ya boksi haisemi chochote kuhusu mvua za masika. Nilipuliza vanishi juu ya mistari siku yenye unyevu, na mbele ya macho yangu mistari ikaingia ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mimi nafanya kazi na unyevu kila siku, nauondoa kwenye mabomba ya friji, na bado sikuutambua mezani kwangu. Kumbe ni jambo lilelile. Kiyeyusho cha laka kinapokauka haraka kinapoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani unaganda juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda. Nikasubiri siku kavu yenye upepo, nikapuliza tina tupu kwa wepesi, ukungu ukaondoka. Tangu hapo sipulizi kitu kama nguo kambani hazijakauka kufikia mchana.

Na kompresa yangu ni ya friji mbovu. Hili nalisema kwa wanafunzi wa umeme na ufundi mliopo. Kompresa ya friji inasukuma hewa bila kelele, mke na watoto wanalala chumba cha pili wasisikie. Niliiunga kwenye tangi dogo lenye geji, valvu ya usalama ya kutoa presha ikizidi, swichi ya kujizima, na chupa ya kunasa maji, maana hewa ya Dar es Salaam bila chupa hiyo itakutemea matone kwenye kazi. Kwa brashi ya hewa presha ya bar 1 hadi 1 na nusu inatosha. Msijaribu bila valvu ya usalama, na msijaribu bila mwalimu. Tangi likipasuka linaua. Na mnapopuliza, vaeni barakoa ya kuchuja mvuke, si ya kitambaa, madirisha yakiwa wazi.

Basi ndege ikakamilika. Nyeupe, mistari yake, herufi zake. Nikaiweka kwenye rafu ya kibandani, juu ya friji zinazosubiri wenyewe.

Siku moja alikuja mzee kuchukua friji yake. Ni mteja wangu wa miaka mingi. Nilijua ni mstaafu, sikujua wa nini. Nilikuwa nimeinama nahangaika na plagi, nikaona kimya kimezidi. Nikainua kichwa. Mzee ameitoa ndege kwenye rafu, ameishika kwa mikono miwili, amevua miwani na kuisogeza karibu kabisa na jicho. Akaigeuza taratibu. Akaniuliza, "Mwanangu, mlango wa mizigo uko wapi?"

Sikumwelewa. Akaweka ukucha wa kidole gumba ubavuni, upande wa kushoto, mbele, nyuma kidogo ya mlango wa abiria. "Hapa. Mlango mkubwa. Tulikuwa tunapitishia mizigo hapa."

Alikuwa Embakasi. Alifanya kazi huko tangu ujana wake hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977, akarudi nyumbani na familia yake. Miaka yote hiyo ananiletea friji, sikuwahi kumwuliza.

Na alikuwa sahihi. VC10 zilizotengenezwa kwa ajili yetu zilikuwa za aina ya 1154, na moja ya mambo yaliyozitofautisha na zile za BOAC ni huo mlango mkubwa wa mizigo na sakafu iliyoimarishwa, ili ndege ileile ibebe watu na shehena. Kwa jinsi nilivyokuwa nimeusugua ubavu ule kwa msasa nikiutafuta ulaini, hapakuwa na mstari wowote. Nilikuwa nimetengeneza ndege nzuri yenye herufi za kwetu, lakini kile kilichoifanya iwe ya kwetu nilikuwa nimekifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikamwambia mzee nitaurudisha. Akasema rangi itaharibika. Ikaharibika kweli. Nilikata vipande vyembamba vya tepu ngumu, nikavibandika kuwa fremu ya mlango, nikachukua sindano ya cherehani niliyoifunga kwenye mpini wa kalamu, nikaipitisha pembezoni mwa tepu bila kukandamiza. Mara ya kwanza haionekani. Mara ya pili unahisi. Mara ya kumi kuna mfereji mwembamba kama unywele. Ukikandamiza sindano inaruka na kuchora mstari hadi dirishani, na ikawa hivyo mara mbili, nikaziba kwa fila, nikaanza upya. Kazi ya mlango usiozidi upana wa kidole gumba ilichukua wiki tatu, pamoja na kurudia rangi.

Wiki zote tatu mzee alikuja kila Jumamosi. Akikaa kwenye kreti la soda ananieleza: ni nani alisimama wapi, Mganda gani alikuwa hodari wa kupanga mizigo, Mkenya gani alikuwa akiwapikia maharage ya zamu ya usiku, jinsi kivuli cha mkia ule kilivyokuwa kikitambaa uwanjani jioni. Alinieleza pia kuhusu siku ya tarehe 18 Aprili 1972, ndege ya 5X-UVA ilipopata ajali Addis Ababa ikijaribu kuruka, watu 43 wakafariki. Hilo alilisema mara moja tu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Alipoona mlango umekaa, alipitisha ukucha palepale. Hakusema neno, aliendelea kupitisha tu.

Wanafunzi, nataka mlichukue jambo hili kwa uzito wake. Nilisoma vitabu, nikaangalia picha, nikajua joto na mwinuko na vibao vya mabawa. Mtu aliyeijua ndege hii kwa mabega yake alikuwa anapita mbele ya meza yangu na friji. Nisingeiunda, nisingemjua. Katika mitaa yenu wako waliofunga mataruma ya TAZARA, wako waliokuwa mabaharia, wako akina mama waliosimamia mashine za viwanda vya nguo ambavyo leo ni maghala. Mkiweka mezani kitu wanachokifahamu, na mkikikosea kidogo, watawasahihisha.

Mzee alitaka kujua ndege ile ya kweli iliishia wapi. Nilitafuta. Ndege 4 zilizobaki zilirudi Uingereza shirika lilipokufa. Miaka ya 1980 jeshi la anga la Uingereza lilizigeuza kuwa matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MMT ikapewa namba mpya, ZA147, na baadaye rangi ya kijivu, na ikaruka miaka na miaka. VC10 zote nyingine duniani zikastaafu moja moja. Tarehe 25 Septemba 2013, ZA147 iliruka kwenda Bruntingthorpe, Uingereza, ikatua. Hiyo ndiyo safari ya mwisho ya VC10 yoyote. Ya mwisho kabisa kuwa angani, kati ya zile 54, ilikuwa hii iliyowahi kuandikishwa Tanzania. Nilipomsomea mzee, aliniomba nirudie tarehe, akaiandika nyuma ya risiti ya friji.

Najua wapo wazazi wanaojiuliza: mbona mabox mengi ya modeli yana picha za vifaru na mabomu? Ni kweli. Vita vimejaa kwenye mchezo huu, na sitaki kulificha hilo kwa watoto. Mimi siwaambii wasiviunde. Nawaambia wajue wanachokishika. Kuna seti ya ndege ya vita vya kwanza vya dunia, F.E.2b, iliyotolewa na Wingnut Wings ya New Zealand kwa skeli ya 1/32 kabla haijafungwa mwaka 2020. Kati ya stika zake kuna jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege moja: Zanzibar No. 1. Ilipewa jina hilo kwa sababu ilikuwa zawadi kutoka Zanzibar kwa vita vya Waingereza. Mwaka 1916 ikaangukia mikononi mwa Wajerumani pamoja na watu wake wawili. Mtoto akiunda ndege hiyo atauliza: Zanzibar ilitoa fedha kwa vita vya Ulaya? Kwa nini? Nani aliulizwa? Mwache aulize. Hayo ni maswali ambayo hatayapata kwenye gari la betri linalolia king'ora.

Gharama. Nisiwadanganye, seti hizi zinatoka nje, ushuru upo, na boksi moja zuri linaweza kula mshahara wa siku kadhaa. Lakini plastiki yenyewe mnayo majumbani. Tazameni chini ya vikombe vya mtindi: kama kuna pembetatu yenye namba 6, hiyo ni polistirini, gundi ileile inaiyeyusha. Makasha magumu ya CD, yale ya kung'aa yaliyojaa mavumbi juu ya makabati yenu, mengi ni polistirini pia. Ukikwaruza kwa kisu na rula mara kadhaa, yanavunjika kwa mstari ulionyooka. Kwa makasha hayo unaweza kuunda kitu ambacho kiwanda chochote duniani hakitakuuzia: daladala ya zamani ya DCM ya njia ya nyumbani kwenu, boti, kinu cha kusaga, kituo cha reli.

Ndiyo maana nimekuja na mfuko wa pili. Ninachowaombea kwa Mkuu wa Shule ni meza moja, kabati lenye kufuli, na dirisha linalofunguka. Vifaa vya kuanzia nitavileta mimi: koleo za kukatia, wembe, msasa, gundi. Na kazi ya kwanza nimeshaichagua, kwa ridhaa yenu.

Ni MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli, ikasafirishwa kwa reli ya kati, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe, wakiwa wamezipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli nzima ilikuja kwa masanduku, vipande vipande, mafundi wakaisimamisha kando ya ziwa. Kwa urefu wake wa mita 71, kwenye skeli ya 1/144 ni karibu nusu mita, inaenea kwenye meza ya darasani bila shida.

Humu mfukoni nina makasha ya CD 30, michoro niliyoichora kutokana na picha, na mbavu 3 za kwanza za meli ambazo nimeshazikata. Ya nne nimeichora tu. Kama kuna yeyote hapa ambaye babu yake au mjomba wake amewahi kufanya kazi kwenye meli hiyo, au ametoka Kigoma na anaijua sitaha yake ya nyuma, nakuomba sana uje uzungumze nami kabla hujaondoka, maana picha zangu zote zimepigwa kutoka mbele.

Rula iko pale, kisu kiko pale. Anayetaka kukata ubavu wa nne asogee.